Sarafu za kale na muuzaji nisiyemjua

SWALI: Nina duka la vitu vya kale Mji Mkongwe. Kijana ameniletea pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, akataka nizinunue papo hapo kwa bei yoyote. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo "bei yoyote", ndugu yangu, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Muulize kwa upole amezipata wapi, uandike jina lake, namba ya kitambulisho na alama za kila sarafu, kwa kuwa pesa hizo za mwaka 1882 hufanana mno, na huenda mkwaruzo au tundu la mkufu tu ndilo litakalomwezesha mwenye mali kuzitambua. Akikataa kuandikwa, usinunue. Ukishuku wizi, waarifu polisi, wala usimzuie kwa nguvu.