Gobore la kuwindia: mtutu kwanza, risasi baadaye, baruti mwisho

Anayenunua gobore huanza na swali la baruti: nitie kiasi gani? Lakini kabla ya baruti kuna risasi, na kabla ya risasi kuna mtutu. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huzunguka kama uzi wa skrubu, na kasi ya mzunguko huo ndiyo inayoamua ni risasi gani itakayokwenda sawa. Ukikosea hapo, utahangaika na vipimo vya baruti msimu mzima bila kupata kundi zuri la matundu kwenye karatasi.

Mzunguko hupimwa kwa inchi. Mtutu wa 1:66 humaliza mzunguko mmoja katika inchi 66. Huo ni wa polepole, nao ni wa gololi, yaani risasi ya duara inayofungwa kwa kiraka cha kitambaa. Mtutu wa 1:28 ni wa haraka, umetengenezwa kwa risasi ndefu na kwa saboti, kile kikombe cha plastiki kinachoshika risasi nyembamba kuliko mtutu. Kati yao kuna 1:48, mtutu wa suluhu: hupiga gololi vizuri, na risasi fupi za ncha huzimudu pia, ila usitegemee usawa ule ule kwa zote mbili.

Kama hujui wako ni upi, upime. Hakikisha kwanza gobore ni tupu. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka wenyewe, isukume hadi chini, weka alama juu ya fimbo na nyingine usawa wa mdomo wa mtutu, kisha vuta polepole. Fimbo ikigeuka robo, pima urefu uliotoka na uzidishe kwa 4. Robo mzunguko katika inchi 12 ni 1:48.

Sababu ya kujali hili ni rahisi. Risasi ndefu isipozungushwa vya kutosha huyumba hewani na kugonga kwa ubavu, na tundu kwenye karatasi huwa refu badala ya duara. Gololi nayo ikizungushwa kwa nguvu mno huku imesukumwa na baruti nyingi, kiraka hushindwa kuishika. Gololi inaruka juu ya mifereji badala ya kuifuata, na hapo kila risasi inakwenda kwake.

Gololi haitoshani na mtutu moja kwa moja. Huwa ndogo kidogo ili kiraka kipate nafasi. Kwa kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) ya .50 anza na gololi ya inchi .490 na kiraka cha unene wa inchi .015. Gololi hiyo ina greini 177 hivi, sawa na gramu 11.5. Kwa .45 chukua .440, yenye greini 128, kwa .54 chukua .530, yenye greini 224. Iwe ya madini ya risasi safi na laini, ambayo ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama. Kiraka kiwe pamba tupu, kwa sababu kitambaa chenye nailoni au poliesta huyeyuka na kuganda ndani ya mtutu.

Risasi ndefu za madini hayo hayo huwa nzito, greini 350 hadi 400 kwa .50, na hufaa kwa mnyama mkubwa aliye karibu. Ulaini una maana kubwa zaidi hapa, kwani risasi ngumu haipanuki kuingia kwenye mifereji. Zina teke kali begani, na zina tabia moja ya hatari nitakayoirudia. Saboti hubeba risasi za greini 240 hadi 300 na hufika mbali zaidi, lakini plastiki huacha utando ndani ya mtutu, na mtutu ukipata moto kikombe hulegea. Soma pia kanuni za uwindaji za eneo lako kabla ya kununua boksi zima: ziko sehemu ambako saboti au vidonge vya baruti haviruhusiwi katika msimu wa magobore, na nyingine zinataja kaliba ndogo kabisa inayokubalika kwa kila mnyama.

Sasa baruti. Tumia baruti nyeusi au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya magobore. Baruti isiyo na moshi, ile ya kujazia risasi za kisasa, usiitie kamwe, hata kijiko. Mgandamizo wake hupanda juu ya uwezo wa mtutu wa gobore, nao hupasuka karibu na uso wako. Hili halina majaribio.

Baruti nyeusi hupangwa kwa ukubwa wa punje. 2F ni punje kubwa kiasi, ya kaliba .50 kwenda juu. 3F ni ndogo zaidi, huungua haraka, ya .45 kushuka chini; 4F ni ya kutilia kwenye sahani ya gumegume tu, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe, si ndani ya mtutu. Ukitumia 3F kwenye .50, punguza kipimo kwa asilimia 10 hadi 15, kwa sababu mgandamizo wake uko juu.

Kipimo cha baruti kimeandikwa greini, ila kinachopimwa ni ujazo, si uzito. Hapa wengi hukosea wanapohamia kwenye mbadala. Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi. Ukiipima kwa mizani hadi ifike uzito wa baruti nyeusi, umezidisha. Ipime kwa kikombe kile kile. Triple Seven, mbadala mwingine, ina nguvu zaidi, kwa hiyo punguza ujazo kwa asilimia 15. Vidonge vilivyokwisha kupimwa usivikate wala usivivunje, na havifai kwa gumegume. Vya Pyrodex vina upande mmoja mweusi zaidi wenye baruti nyeusi. Huo uelekee kwenye fataki, kile kifuniko kidogo kinachogongwa ili kuwasha baruti.

Kwa .50 ya gololi anza na greini 50 za 2F. Piga risasi tatu hadi tano kwa kuegemea mfuko wa mchanga, ukisugua mtutu kwa kitambaa chenye unyevu kisha kikavu baada ya kila risasi. Ongeza greini 5, piga tena. Kundi la matundu litabana, kisha litaanza kutawanyika. Rudi pale lilipobana. Bunduki nyingi za .50 hutulia kati ya 70 na 90. Risasi nzito ndefu ianzie 60, saboti ya greini 250 ianzie 80. Kikomo ni kile alichoandika mtengenezaji wa bunduki yako kwa aina hiyo ya risasi, hata kama jirani yako anatia zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kiraka na baruti kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Kuongeza baruti ili ufike mbali ni hasara kwa gololi. Ikitoka na mwendo wa futi 1,800 kwa sekunde, kwenye yadi 100 imebakiwa na futi elfu moja na ushei, na nguvu yake ni kama theluthi ya ile ya mdomoni. Ukiitoa kwa kasi zaidi, hewa nayo huishika zaidi. Tumia greini 80, sogea hadi yadi 60 au 70, na mnyama hatateseka.

Baada ya kupiga, tembea mbele ya mtutu uokote viraka. Hivyo vinasema kuliko karatasi. Kiraka kizuri kina doa jeusi la duara katikati, mistari ya mifereji kuzunguka doa, na kingo zilizochakaa kidogo tu. Unaweza karibu kukitumia tena. Chenye tundu la moto katikati kimepitisha gesi: ni chembamba mno au mafuta yake hayatoshi. Chenye mikato safi kwenye duara pale gololi ilipokibana kimekatwa na makali ya mdomo wa mtutu au ya mifereji mipya, na dawa ni kulainisha makali hayo, si kuongeza unene. Kilichochanika vipande vipande hutokana na kitambaa dhaifu au baruti iliyozidi.

Kabla ya kushindilia, futa mafuta yote ndani ya mtutu, kisha piga fataki mbili tupu ukielekeza mdomo kwenye jani chini. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Mimina baruti kutoka kwenye kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti; cheche iliyobaki ikikutana na pembe iliyojaa, unashika bomu. Sukuma risasi kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hadi iketi juu ya baruti, kwa mkandamizo ule ule kila mara. Chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo, moja gobore likiwa tupu na nyingine likiwa limejazwa. Alama ya pili ikichomoza kuliko kawaida, risasi haijafika au umetia baruti mara mbili. Nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi huvimbisha mtutu au kuupasua.

Hapo ndipo ile tabia ya risasi ndefu inapoingia: haina kiraka cha kuishika, na ukitembea mdomo ukiwa chini inaweza kuteleza mbele. Ikague kwa mdeki mara kwa mara porini, fataki ikiwa imetolewa.

Ukivuta na lisilie, subiri dakika nzima bunduki ikiwa bado imeelekea shabaha, kwani moto unaweza kuchelewa. Ukisahau baruti na kushindilia risasi peke yake, itoe kwa skrubu ya kung'olea.

Lenga shabaha zako za mwisho kwa mtutu safi na baridi, risasi moja tu, safisha, ngoja, rudia. Mnyama atapata risasi ya kwanza ya siku, na mara nyingi hiyo hugonga mahali tofauti na ya pili na ya tatu. Siku hiyo hiyo osha mtutu kwa maji moto na sabuni: zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hubaki kuwa masizi na chumvi zinazovuta unyevu, na kutu inaweza kuonekana kesho yake asubuhi. Kausha hadi kitambaa kitoke cheupe, ndipo upake mafuta.