Swali limemtaja mtoto, mimi naanza na mzazi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mmekwisha kulipia safari ya Disney World, zile bustani kubwa za michezo huko Orlando, Florida, na mtoto anazaliwa wiki chache kabla, mtamchukua, mtaahirisha, au wengine wataenda na wengine watabaki? Kwangu hilo si jambo la kudhania. Nililala nalo na kuamka nalo kwa wiki nne nzima, hapa Clarkston nje ya Atlanta, mshono ukinivuta kila nikijaribu kuinuka kitandani.

Safari tuliilipia Septemba, kabla sijajua kuwa nina mimba. Ilikuwa ahadi ya binti yetu wa kwanza, aliyekuwa anakaribia miaka sita. Mimba ilipojulikana tulikaa mezani na kalenda tukahesabu. Tarehe ya kujifungua ilikuwa Mei 20, safari Julai 3. Siku 44. Mimi ni mtu wa Tanga, na hesabu ya kwanza iliyonijia kichwani ilikuwa arobaini. Nikaona imetosha, na siku nne zimebaki. Tukaiacha safari kama ilivyo.

Mtoto hakuitazama kalenda yetu. Alikuja Mei 30, na alikuja kwa upasuaji. Hesabu ikageuka: siku ya safari angekuwa na siku 34, na mimi ningekuwa na siku 34 za kidonda.

Mume wangu hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Alichunguza kila kitu, na aliyoyapata ni ya kweli, kwa hiyo nayasema hapa kwa faida ya wengine. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hahitaji tiketi pale, na tiketi ya mtu mzima inazidi dola 100 kwa siku, kwa hiyo si jambo dogo. Kila moja ya bustani zao nne ina jengo dogo la kuhudumia watoto wachanga: chumba cha faragha cha kunyonyesha, meza za kubadilishia nepi, mahali pa kupasha chakula, na duka la pampasi na maziwa kwa aliyeishiwa. Kuna utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda na mtoto mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Baadhi ya michezo haina kipimo cha urefu, hata mtoto wa mikononi anaingia. Na sheria ya Florida, tangu 1993, inamlinda mama anayenyonyesha hadharani. Kila nililouliza alikuwa na jibu, na kwa siku kadhaa nilikuwa nimekubali.

Leo ninaona kosa letu lilikuwa wapi. Maswali yetu yote yalihusu pale mahali. Pana kivuli? Pana choo? Pana pa kunyonyeshea? Na majibu yote yalikuwa ndiyo. Sisi wenyewe hatukujiuliza kama tuko tayari kwenda.

Aliyenizindua ni muuguzi wa kliniki, tulipompeleka mtoto kupimwa uzito akiwa na wiki mbili. Nilimweleza safari yetu. Hakunikataza. Aliniuliza tu: "Akipata homa ya nyuzi 38 usiku wa pili, mtaenda naye wapi?" Nikamjibu kwamba ningempa dawa ya homa nimwangalie mpaka asubuhi. Akakaa chini, akanieleza taratibu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38 hapewi dawa nyumbani na kusubiriwa. Anapelekwa hospitali saa ileile, hata kama ni saa tisa ya usiku, kwa sababu katika umri huo maambukizi ya damu au ya utando wa ubongo yanaweza kujificha nyuma ya homa ndogo tu. Atatolewa damu, atapimwa mkojo, na pengine atachomwa sindano ya mgongoni kuchukua maji ya uti. Mara nyingi inaonekana ni kirusi cha kawaida na mtoto anapona. Lakini hakuna anayejua hivyo kabla ya vipimo, na vipimo vingine huchukua siku moja au mbili kutoa majibu.

Nikajiona niko mji nisioujua, usiku, na mshono wangu, binti yangu wa miaka sita amekaa kwenye kiti cha chumba cha dharura amevaa gauni lake la malkia. Picha hiyo haikunitoka tena.

Kuna na chanjo. Hapa Marekani chanjo ya kifaduro huanza mtoto akiwa na miezi miwili. Mimi nilichomwa nikiwa mjamzito, na kinga hiyo humfikia mtoto akiwa tumboni, jambo ninalowasihi wajawazito wote wasiliache. Lakini ya surua kwa kawaida husubiri mpaka atimize mwaka. Mwishoni mwa 2014 surua ilisambaa kutoka kwa watu waliotembelea bustani ya Disneyland kule California, na kabla haijazimika ilikuwa imefikia watu 147 katika majimbo kadhaa. Siyasemi haya kuwatisha watu wasiende kamwe. Surua ingeweza kuanzia uwanja wa ndege au sokoni. Ila mahali panapokusanya watu kutoka pembe zote za dunia, wakasimama kwenye foleni bega kwa bega, mtoto asiye na chanjo hata moja ya hizo anakuwa amekaa katikati ya njia.

Halafu joto. Orlando mwezi Julai ni kama Tanga ya Februari isiyo na upepo wa bahari, na kila alasiri mvua ya radi. Mtoto wa mwezi mmoja hajaweza kutoa jasho vizuri la kumpoza. Maji hapewi, mpaka afike miezi sita hivi kinywaji chake ni maziwa tu. Mafuta ya kuzuia jua nayo hayapendekezwi kwa umri huo, anatakiwa kivuli na nguo nyepesi. Na kile tunachokifanya wengi wetu, kutandaza kanga au blanketi juu ya kigari ili jua lisimpate, ndicho kibaya zaidi: hewa inasimama ndani na joto linapanda haraka kuliko nje.

Lakini nikisema niliahirisha kwa ajili ya mtoto peke yake nitakuwa sisemi kweli yote.

Usiku ule nilimpigia mama Tanga. Nilitegemea anisomee arobaini: usitoke, mtoto atapatwa na jicho, upepo mbaya. Hakusema hivyo. Alisikiliza mpango mzima, kiti cha gari, kigari, jengo la kunyonyeshea, kisha akasema: "Mwanangu, mtoto anabebeka. Wewe ndiye hubebeki."

Kwetu, siku zile arobaini, mwanamke karibu hana jina. Anaitwa mzazi. Mzazi amekula? Mzazi amekandwa? Mpelekeeni mzazi maji. Mtoto yupo, anabebwa, anaimbiwa, lakini mashughuli yote ya nyumba yanamzunguka yule aliyezaa: maji ya moto, mkaja wa tumbo, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na watu wa kumwambia alale. Nilikulia ndani ya desturi hiyo nikidhani ni ya kumlinda mtoto. Nilipokuwa na kidonda changu mwenyewe, kilomita elfu nyingi kutoka kwa mama, ndipo nilipoelewa ilikuwa ya nani. Na madaktari wa huku wanasema karibu yaleyale kwa hesabu yao: wiki sita, yaani siku 42. Usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Damu bado inatoka. Hatari ya damu kuganda kwenye miguu iko juu zaidi katika wiki hizohizo sita, na kukaa muda mrefu kwenye gari kunaiongeza. Kutoka hapa mpaka Orlando ni kama kilomita 700, saa saba za barabarani bila kusimama, na mwenye kichanga lazima asimame karibu kila saa mbili amtoe kwenye kiti. Halafu ukifika unatembea kutwa.

Kwa hiyo tuliigawa safari. Mume wangu na binti yetu walienda, na wifi yangu akaja kutoka Texas kwenda nao kwa tiketi yangu, baada ya kupiga simu na kubadilisha jina. Mimi na mtoto tulibaki.

Binti yangu nilimwambia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa baba yake, kwa sababu aliyevunja ahadi alikuwa mimi. Alinyamaza, akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, tumbo bado linapona. Akauliza kama ningepona haraka zaidi iwapo mdogo wake asingezaliwa. Swali lile liliniingia. Nilimkumbatia nikamwambia huyu mtoto hakumnyang'anya kitu, na kwamba kuna safari nyingine ya watu wanne. Nilikuwa najua nimeweka ahadi ya pili juu ya ya kwanza.

Sikubaki peke yangu, na hapa ndipo jibu langu linapotegemea. Jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, Congo, alihamia sebuleni kwangu kwa siku zote nne. Alipika sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, na samaki wa mchuzi. Usiku mtoto akilia alikuwa anamchukua, anambadilisha, ananiletea anyonye, kisha anamrudisha. "Lala, mama. Mimi niko." Maneno yake karibu yote kwa siku nne yalikuwa hayo. Picha za Orlando zilipoanza kuingia kwenye simu, binti yangu mbele ya kasri, mashavu mekundu kwa jua, nililia sana. Sitaficha hilo. Kubaki kulikuwa sahihi na kuliniuma, yote mawili.

Sasa, najua kuna mama anayesoma hapa ambaye hana mama wa Uvira mlango wa pili. Mume akiondoka na watoto wakubwa, yeye anabaki na kichanga na kidonda ndani ya nyumba tupu, gari halipo, hata maji ya kunywa anayafuata mwenyewe. Huyo simshauri abaki kama nilivyobaki mimi. Hapo safari nzima isogezwe. Pigeni simu mapema, mara tu mtoto anapozaliwa, maana kadiri siku zinavyokaribia ndivyo mnavyopoteza fedha zaidi. Na kama baba wa nyumba anaona uchungu wa fedha kuliko uchungu wa mkewe, basi mazungumzo yanayohitajika humo ndani si ya Disney.

Na kuna atakayekwenda tu, kwa sababu ndugu wote wamekutana huko, au kwa sababu alijifungua salama, mtoto ana miezi mitatu na nguvu zimerudi. Aende. Kabla ya kufungua mabegi ajue hospitali ya watoto iliyo karibu iko mtaa gani, na kipimajoto kiwe kwenye mkoba, si kwenye gari. Aingie bustanini mapema asubuhi, atoke jua likikaza, arudi jioni akipenda. Kigari akipime kwanza: pale hawaruhusu kinachozidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132 kutoka mbele hadi nyuma. Watu wasiomjua mtoto wasimbusu wala kumshika mikono. Mbeleko ya kifuani ni bora kuliko kigari kwenye foleni, kwa sababu mtu haanzi kumgusa mtoto aliyelala kwenye titi la mama yake.

Sisi tulirudi Februari, watu wanne. Mtoto alikuwa na miezi minane, ameshapata chanjo zake za miezi miwili, minne na sita, anakaa mwenyewe, anakula uji. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Tulipanda mashua inayopita kati ya vinyago vinavyoimba, naye akageuza kichwa huku na huku mpaka nikaogopa shingo yake. Ilipofika saa nane mchana nikamwambia mume wangu mimi nimechoka, narudi hotelini na mtoto. Binti yangu alinitazama sana, kama anapima kitu.

"Tumbo tena?"

"Hapana. Nina usingizi tu."

"Haya, lala," akasema. "Baba, twende." Akamshika mkono wakaingia kwenye watu, na mimi nikasukuma kigari kuelekea kituo cha basi.