Stelingi ana jina, adui hana

Wiki hii mmeuliza eti muvi za vita ya Vietnam zinawaonyesha wanajeshi kama walivyokuwa kweli? Mi nasema inategemea mwanajeshi wa upande gani.

Sisi wengine Vietnam tuliijulia kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, Rambo ile ya 1985 jamaa karudi msituni kifua wazi anafyeka kambi nzima peke yake na anayetutafsiria anapiga kelele kuliko hata bunduki. Wavietnam tulikuwa tunawaita Wachina tu, basi, na wakiongea lugha yao mtafsiri mwenyewe haelewi kitu anajitungia, "mama nakufa, nimeacha ubwabwa jikoni!" watu hoi kwa kucheka. Mule mwanajeshi hamna, kuna stelingi, na stelingi hafi.

Ukubwani nikaja kuiona Platoon ya 1986, aisee. Oliver Stone aliyeiongoza alipigana kule mwenyewe, ndo maana mule dogo mmoja mwanajeshi wa Kimarekani anang'atwa na wadudu, ananyeshewa usiku kucha, mwenzake anasinzia lindo, anahesabu siku zake 365 za kuwa vitani ziishe arudi kwao, afu wanafika mahali wanauana wenyewe kwa wenyewe. Hapo naipa maksi zake. Ila hata humo wa upande wa pili ni kivuli tu kwenye majani, kinatokea, kinapigwa, kinadondoka, tunaendelea. Wakati Wamarekani waliokufa ni 58,000 na kitu, majina yao yamechongwa ukutani pale Washington, Wavietnam walikufa mara nyingi zaidi ya hapo.

Sasa kuna moja ya Wavietnam wenyewe, Cánh đồng hoang ya 1979, ilichukua tuzo ya dhahabu kwenye tamasha la filamu la Moscow 1981, itafuteni. Mtu na mkewe wana kichanga, wanaishi kwenye kijumba katikati ya maji huko delta ya Mekong. Helikopta ya Wamarekani ikija wanamtia mtoto kwenye mfuko wa plastiki, wanaubana mdomo, wanazama naye. Mi nina watoto, pale nilisimamisha kwanza nikaenda kunywa maji. Mwishoni helikopta inatunguliwa, na kwa yule rubani Mmarekani inadondoka picha, mkewe na mtoto wao.

Huo mkanda kibandani kwetu haukuwahi kufika.