Maswali ya joto: kabla ya kuuliza dawa, gusa bati la banda

Kaskazi imeshaingia, Dar inachemka, na maswali yenu yamefurika. Nimechagua machache. Mlioandika "mnyama wangu hali, nifanyeje?" bila kusema ni mnyama gani, ana umri gani na analala wapi, andikeni upya. Mimi si mganga wa kupiga ramli.

*Daktari, mbwa wangu anatweta tangu saa nne asubuhi, ulimi nje. Nimpe dawa gani? (Tabata)*

Joto halina dawa. Mwishoni mwa ujumbe wako umesema mchana "yupo bandani kama kawaida". Hiyo kawaida ndiyo ugonjwa. Nenda saa nane mchana ukaweke kiganja juu ya bati la hilo banda, kisha uniambie nani mgonjwa.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Ana jasho kidogo kwenye nyayo. Kazi kubwa inafanywa na ulimi na pumzi. Mate yakikauka, damu inapoa. Sasa pwani hewa yenyewe imelowa, mate yatakaukia wapi? Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar zinamwelemea kuliko nyuzi 32 za Dodoma.

Najua mnawafungia mchana ili usiku wawe wakali. Mbwa aliyeokwa kutwa nzima, usiku anajilaza tu, na mwizi anamruka. Mkali ni yule aliyelala vizuri mchana. Mtoe, mweke chini ya mti, na maji yake yawe kwenye chungu cha udongo kivulini, si kwenye sufuria iliyoachwa juani. Na wewe unayemfunga mnyororo: kivuli kinahama, mnyororo hauhami.

*Nina Husky, manyoya mengi sana. Nimnyoe? (Mbezi Beach)*

Usimnyoe. Manyoya ya juu yanamkinga na jua. Yakinyolewa ngozi inaungua, na kwa mbwa wa aina hiyo huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Mchane kila siku, utoe yale laini ya ndani yanayong'oka. Mtembeze kabla jua halijapanda, na ukumbuke lami inaunguza nyayo. Ila nikuulize na mimi: mbwa aliyeumbwa kuvuta sleji kwenye theluji ya Siberia, Mbezi alifuata nini? Aliyekuuzia ameshakula hela yake. Wengine mnaotaka "mbwa wa picha", chukueni koko wetu. Mwili mwembamba, manyoya mafupi, jua analijua.

*Naweza kumpa barafu alambe?*

Ndiyo, vipande vidogo.

*Jirani anasema mbwa akizidiwa na joto nimmwagie maji ya barafu. Kweli? (Tanga)*

Usipoteze muda kutafuta barafu. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo msiniandikie tena kwamba ana homa kwa sababu kipimo kimesoma 39. Likifika 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Utamwona anatweta bila kupumzika, mate mazito, fizi nyekundu sana au zimepauka, anayumba, anatapika, mwishowe anaanguka.

Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na kwenye kinena, huku ukimpepea au feni ikimpuliza. Angalia tu yasiwe ya tangi la juu ya paa, maana saa nane mchana hayo ni ya chai. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linafungia joto. Akiwa na fahamu mpe maji anywe mwenyewe. Usimkabe kwa chupa. Mpooze kwanza, ndipo umpakie umpeleke kwa daktari. Na umpeleke hata akisimama akatingisha mkia, kwa sababu figo zinaweza kuja kugoma siku ya pili.

*Paka wangu amelegea kwa joto, nimempa nusu ya Panadol. Nimpe na nusu nyingine?*

Acha kusoma, mkimbize kwa daktari sasa hivi. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na nusu kidonge inatosha kumuua. Nimeliandika hili mpaka nimechoka. Na mkiwa mmeshika kalamu, andikeni na hili ukutani: dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin haipakwi paka.

*Paka wangu mweupe ana vidonda vya magamba kwenye ncha za masikio, haviponi. Ni fangasi? (Mombasa)*

Paka weupe wana masikio yasiyo na kinga ya jua, na kidonda kisichopona hapo kinaweza kuwa saratani ya ngozi. Ikiwahiwa, sikio linakatwa na paka anaishi. Acha kumpaka mafuta ya nazi.

*Namwacha mbwa garini dakika kumi tu, kioo nimeshusha kidogo. Kuna shida?*

Ipo. Dakika kumi zinatosha kupandisha joto la ndani nyuzi kama 10. Zima gari, funga vioo, kaa humo wewe.

*Sungura wangu wamekufa watatu wiki moja, mchana. Sumu?*

Banda la bati? Nilijua. Sungura anapoozea masikioni, hana njia nyingine ya maana, na ikipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Walio hai wahamishie kivulini leo, na uwawekee chupa ya maji yaliyogandishwa, imefungwa kitambaa, waiegemee.

*Najenga banda jipya la mbwa Kigamboni. Nilielekeze wapi? (Msomaji wako wa siku nyingi)*

Mlango uelekee upepo wa bahari, sakafu iinuliwe kutoka ardhini, kuta ziwe na matundu ya hewa, juu uezeke makuti. Bati kama ni lazima, weka makuti juu yake. Mahali pa kulijenga usinipigie hesabu: angalia mlinzi wako saa nane mchana anahamishia wapi kiti chake.