Nimestaafu, lakini saa kumi alfajiri bado natafuta sare

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimetimiza miaka 60, na Juni nimestaafu uuguzi. Miaka 31 nilikuwa wodi ya wazazi. Mpaka leo ikifika saa kumi alfajiri macho yako wazi, mkono unapapasa sare. Mwanangu aliyeko chuoni ananiambia maana ya maisha haitoki nje, mtu hujitengenezea mwenyewe. Mchungaji wetu anasema tumeumbwa kwa kusudi, nitulie. Wote nawapenda, ila asubuhi zangu bado tupu. Nani mkweli? — Muuguzi Mstaafu, Korogwe

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kijana nahisi amekutana na Sartre. Mwanafalsafa huyo Mfaransa, akihutubia Paris mwaka 1945, alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi: fundi anaijua kazi yake kabla hajakitengeneza. Binadamu, akasema, hana fundi wa namna hiyo. Anakuwepo kwanza, kisha anajifanya awe nini. Mimi Mwislamu, kwa hilo niko na mchungaji: fundi yupo. Lakini hata ukimjua fundi, asubuhi ni ndefu vilevile.

Dawa ya mwanao niliijaribu. Nilipoacha ualimu nilinunua kuku 40 wa mayai, nikachora ratiba kwa rula, nikaibandika nyuma ya mlango. Kuku walimalizwa na kideri. Ratiba ilibaki pale, hakuna aliyeitazama, hata mimi.

Kisha nikakosa kikao cha chama cha kuzikana cha mtaani. Kwetu ukikosa kikao unapewa cheo. Nikawa mweka hazina. Nilinuna kweli. Wiki ya pili, saa saba usiku, hodi: jirani kafiwa na mama yake. Nikachukua daftari na tochi, tukaenda kumwamsha mwenye duka la vitambaa. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, ya mwanamume vitatu. Miaka yote nimezika watu na sikuwahi kuhesabu. Nilirudi alfajiri, tope mpaka magotini, na siku hiyo swali lako halikunipitia kichwani.

Haja ya yule jirani sikuitunga mimi. Ilinikuta mlangoni. Nawe, mtoto alipotoka kimya ukamsugua mgongo mpaka akalia, ni wewe uliyempa thamani? Ulimkuta nayo. Hapo kijana amekosea. Ila naye ana lake: hodi ileile wapo wanaoisikia wakageukia ukutani, na hakuna wa kukuitikia kwa niaba yako.

Kilichokwisha Juni ni ajira. Wajawazito wa mtaani kwako hawajakwisha, na wengi hawana wa kumuuliza saa kumi alfajiri kama maumivu haya ndiyo yenyewe. Wewe uko macho tayari. Mwambie balozi wako, naye atawaambia. Kuku subiri kwanza.

Mimi mwaka huu niliwaomba wanachama wanipumzishe daftari. Wamekataa. Nikalalamika kidogo, kwa adabu tu, nikaenda kununua kalamu mpya.