Kiingereza cha kuombea maji

Nilianza mlimani nikiwa mgumu. Ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro hapa Moshi, na jina linajieleza: mzigo wa kilo 20, begi lako juu yake, na unatakiwa ufike kambini kabla ya mgeni ili akute hema limeshasimama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Miaka minne nimesomeshwa baiolojia na jiografia kwa Kiingereza, na ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia hatua za "photosynthesis" bila kukwama. Siku ya pili ya safari yangu ya kwanza, mama mmoja wa Kizungu akavua kiatu, akanionyesha kisigino, akasema, "I've got a blister."

Nikatabasamu. Nikamjibu, "Very good."

Blister ni lengelenge. Jinsi yule mama alivyonitazama sijasahau, na neno lile sijalisahau pia. Usiku ule niliazima kalamu kwa mpishi nikaliandika kwenye ganda la majani ya chai.

Ungedhani nilishapata somo. Wapi! Niliposhuka mjini nilinunua kamusi ya mtumba nikaanza kuikariri kuanzia A. Abacus, abandon, abbey. Wiki ya tatu nikafika kwenye "acorn", tunda la mti ambao mpaka leo sijauona kwa macho, nikamgawia kamusi mdogo wangu. Kumbe maneno ya kuanzia yako ndani ya siku yako mwenyewe. Chukua siku moja, tangu unaamka hadi unalala, andika unachosema kwa Kiswahili mara kwa mara, kisha hayo ndiyo uyatafutie Kiingereza. Kama wewe ni fundi cherehani, "sleeve" na "too tight" ni mali kuliko "nevertheless". Mimi yangu yalikuwa ya hema, chakula, hali ya hewa na mwili wa mtu unaouma.

Na usitishwe na wingi. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ambayo mwanafunzi anayahitaji kuliko mengine. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ikaanza kusoma habari kwa maneno yapatayo 1,500 tu, polepole. Vita na chaguzi za dunia nzima zilienea humo. Sasa ya dukani kwako yatashindwaje?

Ila neno usilichukue likiwa peke yake. Lichukue na sentensi uliyoisikia nalo, kwa sababu ukilibeba pekee utalivisha nguo za Kiswahili. Mimi niliwahi kumwacha mzee mmoja wa Kijerumani ameketi juu ya jiwe, nikamwambia "I'm coming", nikaondoka. Kwetu "nakuja" ni kuaga: nakwenda mara moja, narudi. Yeye alisikia kwamba naja, na anachoona ni mgongo wangu unapotelea kwenye ukungu. Niliporudi na maji alikuwa amesimama, amekunja uso. Walichozoea wao ni "I'll be right back."

"Pole" ndiyo inatuponza zaidi. Mgeni akijikwaa, midomo yetu yote inasema "Sorry!" Naye anashangaa: umefanya nini wewe mpaka uombe radhi, wakati jiwe ndilo lililomkwaa? Anayetaka kuonyesha huruma aulize "Are you all right?" Hapo hapo mgeni naye anaomba "poles" zake, yaani fimbo za kutembelea, herufi zile zile. Na ile "naomba", ambayo kwetu ni adabu tupu, tukiigeuza kuwa "Give me" inatoka kama amri ya askari. Jifunze "Could I have some water, please?" kama wimbo mmoja, usiikate vipande. Angalau Kiingereza chako cha kuombea maji kiyaombe kwa heshima.

Sasa matamshi, na hapa nitakaa kidogo.

Kiswahili kina irabu tano na kila moja ni mwaminifu. Kiingereza kina herufi tano za irabu, lakini sauti zake, kwa matamshi ya Uingereza, zinafika kama 20. Maana yake sikio letu linazimwaga sauti nne kwenye ndoo moja. Njia ya Marangu ndiyo ambayo wageni hulala kwenye vibanda, Mandara, Horombo na Kibo, na kibanda ni "hut". Asubuhi moja pale Horombo kijana mmoja akaniambia, "I left my hat in the hut." Mimi nikasikia ameacha kibanda kwenye kibanda. Nikasema yes, nikaendelea kutembea. Kofia yake ililala Horombo, yeye akapigwa na jua siku nzima.

Baadaye nikagundua kuna familia nzima: hat, hut, heart, hurt. Kofia, kibanda, moyo, kuuma. Kwangu zote zilikuwa "hati". Mlimani si jambo la mchezo, maana mtu anayesema "heart" huku ameshika kifua hupaswi kumletea kofia. Nilizitenganisha kwa mdomo kwanza, sikio likafuata. "Hut" ni a yetu iliyokatwa ghafla. "Heart" ni a hiyo hiyo unayoivuta, kama unamfungulia daktari koo. "Hat" unapanua mdomo kuelekea pembeni, sauti inakaa katikati ya a na e, na lazima ujione mjinga kidogo. Usipojiona mjinga hujaifikia. "Hurt" ni ile sauti ya mtu anayesita, "əə", midomo imelegea, ulimi haugusi kitu. Nilifanya zoezi hili mbele ya kioo cha pikipiki, mke wangu akadhani nina jino bovu.

Kingine ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, hata hatujui kwamba tunafanya hivyo. Ndiyo maana "comfortable" inatutoka "komfotébo". Wao wanaikaza mwanzoni na nyingine wanazimeza: KAMF-ta-bl. "Vegetable" ni VEJ-ta-bl. Hata "banana" yenye a tatu wanaitamka moja tu vizuri, ya katikati. Ukiandika neno jipya daftarini, ipigie mstari silabi inayokazwa. Kwa uzoefu wangu mgeni anakuelewa haraka ukipatia mkazo na kukosea irabu, kuliko ukifanya kinyume chake.

Halafu kuna herufi bubu. Kwa miaka miwili neno la kazi yangu mwenyewe, "climb", nilikuwa nalitamka "klaimbu", tena kwa kujiamini. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Uingereza alinirekebisha kwa upole pale kambi ya Barafu: "klaim", b inalala. Na "knee" ni "nii". Akanieleza kwamba zamani b na k hizo zilitamkwa kweli, na kwamba William Caxton alipoleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda huku ndimi za watu zikiendelea na safari. Nikafarijika. Kumbe sikuwa mjinga, nilikuwa nimechelewa tu karne kadhaa.

Zipo pia sauti ambazo tayari tunazo na hatuzitumii. Wengi tunasema "senk yu" na "zis", ilhali Kiswahili kina th ya thamani na dh ya dhahabu. "Think" ianze kama thamani, "this" ianze kama dhahabu. Tatizo ni kwamba wengi wetu wa bara hata dhahabu tunaiita "zahabu". Anza kurekebisha huko, utapata lugha mbili kwa zoezi moja.

Na ile tabia yetu ya kumalizia kila neno kwa irabu, "gudi", "begi", "apu", nimeipatia dawa ambayo sikufundishwa na mtu. Waingereza wakiongea haraka huunganisha konsonanti ya mwisho na irabu ya neno linalofuata. "Pick it up" inatoka "pi-ki-tap". "Take it off" ni "tei-ki-tof". Zisikilize vizuri: ukiacha ya mwisho, hizo ni silabi za Kiswahili kabisa! Usiyaseme maneno matatu, sema moja refu, na ile irabu ya ziada haipati pa kukaa katikati.

Zana zangu ni daftari la mfukoni na simu. Kabla ya kuandika neno jipya nalisikiliza kwanza kwenye kamusi ya intaneti, ile ya Cambridge, inayokupa sauti ya Uingereza na ya Marekani bila malipo. Sikio kwanza, jicho baadaye, kwa sababu jicho likitangulia linasoma Kiswahili. Kisha najirekodi, nasikiliza, nachukia sauti yangu, narudia. Maneno matano kwa siku yanatosha. Safari ya njia ya Machame ya siku sita inakurudisha getini na maneno 30, na 30 unayoyatumia yanashinda 300 ya kukariri.

Kilichonichelewesha kuliko irabu zote ni kuchekwa. Tuseme ukweli, sisi Watanzania tunachekana sana kwenye Kiingereza. Hemani ukijaribu "klaim" unaambiwa "huyo mzungu wetu ameanza". Nilinyamaza mwaka mzima kwa ajili hiyo. Wageni, nikikumbuka, hawakunicheka hata mara moja. Wengine walikuwa wanahangaika na "ng'ombe" na "asante sana" kuliko mimi. Siku hizi nikiwa na wagumu vijana namwambia dogo anayejaribu, endelea, na anayecheka namwomba aseme yeye.

Wiki iliyopita tulipomaliza ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kupanda kwa mikono na miguu, bwana mmoja wa Manchester alijitupa chini akasema kitu, mimi nikasikia "I'm naked". Nikamtazama: jaketi mbili, glovu, skafu hadi puani. Zamani ningesema "Very good". Safari hii nikauliza, "Sorry, could you say that again?" Akarudia taratibu. "Knackered." Amechoka hoi. Nimeliandika, k yake nikaizungushia duara kwa sababu inalala kama ya "knee", na pembeni nikaongeza onyo alilonipa mwenyewe, kwamba nisilitumie kwenye usaili wa kazi.