Paka Akitoka na Ndege Mdomoni

Hapa Tanga paka wetu huwinda zaidi alfajiri na magharibi, na hali huwa mbaya makinda wanapojifunza kuruka. Nimeshamnyang'anya shomoro, tetere, chozi (yule ndege mdogo anayefyonza maua) na mijusi wengi tu. Wako waliopona, na wako walionifia mkononi. Nililojifunza kwao ni hili: ndege aliyetoka mdomoni mwa paka bila hata tone la damu, usimhesabu kuwa mzima.

Meno ya paka ni membamba kama sindano. Yakishapenya ngozi ya ndege, tundu hujifunga na manyoya hulifunika, ukimkagua huoni kitu. Lakini mate ya paka yana bakteria wengi, wakiwemo wale waitwao Pasteurella, na katika mwili mdogo namna ile husambaa kwenye damu upesi sana. Jioni utamwona kachangamka. Kesho au keshokutwa umemkuta amekufa. Watu husema amekufa kwa hofu. Hofu inaua, sikatai, ila mara nyingi kilichomuua ni mate yale.

Kwa hiyo anahitaji antibayotiki siku hiyohiyo, si kusubiri uone ataamkaje. Mpigie daktari wa mifugo. Wengi wamezoea ng'ombe na kuku, basi mweleze wazi kwamba ndege ameshikwa na paka, na umpime uzito kwa mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Chozi wengi hawafiki hata gramu 15. Dawa ya kuku ukimkadiria kwa macho utamuua, na kidonge cha binadamu cha kukata robo ndiyo usithubutu kabisa.

Kabla ya daktari, mtenge paka kwanza. Usimvute ndege kutoka kwenye meno, utamchana; mshike paka kwa ngozi ya shingoni, au mtupie kipande cha samaki, ataachia mwenyewe. Paka akishafungiwa chumbani, mfunike ndege kwa kanga kuukuu na umwinue taratibu. Usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kupanua na kurudisha kifua chake, kwa hiyo ukimkaza anakosa hewa hata kama mdomo uko wazi.

Mweke kwenye boksi la viatu ulilolitoboa matundu, chini utandike kitambaa. Upande mmoja weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa taulo, ili akizidiwa na joto asogee upande wa pili. Funika, weka mahali penye giza na kimya. Watoto watataka kuchungulia kila dakika. Wakatalie kwa upole, waeleze kwamba kwake yeye kila sura inayochungulia ni adui mwingine. Usimtie maji mdomoni: njia yake ya hewa imefunguka hapohapo nyuma ya ulimi, na tone moja laweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa na ugali pia acha.

Kinda aliyeanguka tu, paka hajamgusa, mrudishe kwenye kiota au kwenye tawi la karibu. Habari ya kwamba mama humkataa akinusa mkono wa mtu si kweli. Nimewaona wakirudi kulisha.

Mjusi aliyekatika mkia hana haja ya matibabu kama mwili hauna jeraha. Huuachia mwenyewe ili atoroke, na utaota mwingine. Mpandishe ukutani, juu, mbali na paka.

Popo ni habari nyingine. Usimshike kwa mkono mtupu hata akionekana amekufa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu magonjwa ya jamii ya kichaa cha mbwa hayana tiba dalili zikishaanza. Na paka wako hakikisha amechanjwa.

Ndege akimaliza dawa na daktari akiridhika, mwachie asubuhi, palepale alipokamatwa, paka akiwa ndani. Fungua boksi usogee pembeni. Kama hawezi kupaa hadi kwenye tawi, mrudishe ndani na umpigie daktari tena.